Mrija wa Bukuru

Tumemzika shangazi yangu Konsolata hapa Kitahana juzi juzi, na tangu siku hiyo uani kwangu kuna harufu ya pombe ya ndizi ambayo haitoki. Nimemwaga maji, nimefagia, nimechoma majani makavu, wapi. Harufu yenyewe mnaijua, ninyi wa rika langu mliokulia huku juu. Inaanza tamu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, halafu inageuka kali na kukaa kooni. Kwenu labda inawakumbusha harusi, mnaisikia mnatabasamu. Mimi natazama mlango.

Sikusoma sana, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Na nitasema majina. Watu wanapenda kusema vita ilitokea, vita iliua, vita ilichoma. Vita haina mikono. Walioua walikuwa na mikono, na mikono ile ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na majina waliyobatizwa nayo. Kabila la mtu sitaji hata kidogo, maana kabila halikuja kwetu siku ile. Walikuja Herimani na mdogo wake Sevelini, watoto wa mfua chuma, na nyuma yao wengine niliosikia sauti tu. Aliyewafungulia njia ni Bukuru, jirani yetu.

Kilima chetu kule Burundi kiliitwa Gasagara. Kila familia ilikuwa na rugo yake, yaani boma lililozungushiwa ua wa minyaa, ule mti wa vijiti vya kijani unaotoa utomvu mweupe. Tulionywa tangu tunatambaa kwamba utomvu ule ukiingia jichoni unapofua. Rugo yetu ilikuwa katikati ya mbili: juu yetu Muzehe Gaspari, aliyekuwa msuluhishi wa kilima, chini yetu Bukuru. Nyuma ya nyumba baba alikuwa na shimo la kuivishia ndizi. Linachimbwa, linawashwa moto, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinapangwa humo na kufunikwa mpaka zilainike za pombe.

Pombe yenyewe kwetu haikunywewa kwa glasi. Chungu kimoja kiliwekwa katikati, mwenyeji akaonja kwanza ili wageni waone hakina sumu, kisha kila mtu akatumbukiza mrija wake mrefu wa tete. Na mirija ilikuwa na lugha yake. Mtu akiinuka kwenda kujisaidia au kuangalia mbuzi, aliuacha mrija wake umesimama chunguni. Maana yake, narudi, msinimalizie. Akiuchomoa na kuondoka nao, ameaga. Hakuna aliyetufundisha hayo sisi watoto, tuliyajua kwa macho, kama mtoto anavyojua kiti kipi ni cha baba.

Siku ile jua lilikuwa bado juu. Baba, Petero, alikuwa uani anakunywa na Bukuru, chungu kati yao. Mama alikuwa anapukuchua maharage. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na chungu, maana Bukuru alikuwa na kawaida ya kuweka karanga za kukaanga mfukoni na kunipa moja moja, ananiambia kila moja ni mbuzi, nihesabu zizi langu. Nilimpenda, nisidanganye. Baba akasimulia kitu, wakacheka wote wawili, baba akacheka mpaka akafumba macho. Hapo Bukuru akainuka.

“Ngoja nikaangalie ng'ombe, Petero. Narudi sasa hivi.”

Mdomo ulisema anarudi. Mkono ulichomoa mrija, ukaukung'uta matone, ukauweka kwapani. Akatoka nao mlangoni mwa rugo. Baba alikuwa bado amefumba macho anacheka, hakuona. Mama alikuwa ameinamia ungo. Niliona mimi, kwa sababu kimo changu kilikuwa kimo cha chungu.

Chungu hakijatulia povu, mama alisimama ghafla akisikiliza nje. Alininyanyua kwa mkono mmoja, akanikimbiza nyuma, akanitumbukiza kwenye shimo juu ya ndizi, akanifunika majani. Mle ndani kulikuwa na joto na moshi mdogo, na harufu ile. Niliyoyasikia nikiwa humo sitayaandika. Nilitolewa na wanawake waliokuwa wanakimbia, waliopita nyuma ya nyumba wakasikia nakohoa. Tukatembea, tukavuka mto ndani ya mtumbwi uliojaa, na mwanamke mmoja akaniambia, “Huu ni Malagarasi. Ng'ambo hii wanaua, ng'ambo ile ni Tanzania. Nyamaza tu.”

Sasa akili ya mtoto iliyapanga hivi. Sikufikiri kwamba Bukuru aliwaleta wale. Wazo hilo halikuniingia kabisa, mtu wa karanga! Nilifikiri ni mrija. Niliamini kwamba mrija ukichomolewa chunguni na mtu akiwa amesema anarudi, kunabaki tundu, na wao wanaingilia hapo. Nililibeba wazo hilo peke yangu kama kidonda chini ya nguo. Kambini Nduta, ile Nduta ya zamani kabla haijafungwa na kufunguliwa tena, kila nilipoona watu wamekaa na chungu, nilikwenda kukaa mbali, mgongo ukutani.

Shangazi Konsolata, dada wa baba, alinikuta kwenye foleni ya unga. Yeye alikuwa ameolewa kilima kingine, hakuwa na habari ya siku ile zaidi ya kwamba kaka yake hayupo tena. Alikuwa na watoto wake wengi, na mume amepotelea njiani. Chakula cha kambi kilipunguzwa, kikapunguzwa tena. Nilikuwa naona anavyogawa ugali: anagawa, anatazama mikono yake, analamba mwiko, anasema ameshiba. Kisha ikaja habari kwamba watu wa Gasagara waliokimbia kwa njia nyingine wako upande wa Kasulu, nje ya Makere, wamepewa mahali na wenyeji, wanalima, wanakula. Shangazi aliisikiliza habari hiyo akiwa amenitazama. Mtoto anajua anapotazamwa kama mzigo.

“Tutakwenda kuwasalimia watu wa kwenu,” aliniambia.

“Halafu tutarudi?”

Alikuwa ananisuka. Akavuta unywele kwa nguvu. “Kaa vizuri, wewe.”

Tulipanda lori la magunia ya maharage. Utingo alikuwa kijana wa Kiha, mcheshi, aliyekaa juu ya magunia kama mfalme na kuimba nyimbo za kanisa kwa maneno yake mwenyewe. Nilimshika suruali kila lori lilipoyumba.

“Kadogo, utanivua hadharani,” alisema. “Halafu shangazi yako itabidi anioe.”

Shangazi akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi. Mimi sikucheka, kwa sababu mbele niliona maji mapana, ya udongo, na daraja.

“Mto gani huu?”

“Malagarasi huo. Ukianguka, mamba wa humo hawaulizi kitambulisho.”

Nilihisi mkojo wa moto ukishuka kwenye magunia. Malagarasi. Nilikuwa najua Malagarasi mmoja tu duniani, na najua nilichoambiwa: ng'ambo hii Tanzania, ng'ambo ile wanaua. Tulikuwa tumeuvuka kuja, sasa tunauvuka kurudi. Nani angenieleza kwamba mto mmoja unaweza kupita mpakani huko juu, kisha ukajizungusha na kuingia ndani ya nchi, ukakatisha barabara ya Kibondo na Kasulu? Nilimshika shangazi shingoni nikamwambia sikioni, “Tunarudi kule. Tafadhali, tusirudi kule.”

“Kule wapi? Tunakwenda Makere.”

Nilidhani Makere ni jina ambalo watu wazima wamelibuni ili nisilie.

Tulishushwa barabarani, tukafuata njia ya mguu katikati ya mihogo. Njia ikapanda, ikakata kushoto kwenye jiwe kubwa, na hapo nikasimama. Mbele yangu ilikuwa Gasagara.

Naomba mnielewe. Siyo mahali panapofanana. Ilikuwa Gasagara, na kila kitu mahali pake. Rugo ya mfua chuma mwanzoni, ya mama mkunga kando yake, njia inayogawanyika mara mbili, moja kisimani, moja juu. Ua wa minyaa. Milango ya rugo imetazama kulekule ilikotazama. Sauti za Kirundi cha kwetu, ile ya kuvuta maneno mwishoni. Ila vyote vilikuwa vidogo. Minyaa ilinifika kifuani badala ya kupita kichwa. Nyumba zilikuwa za nyasi na fupi. Niliwaza kwamba kilima kimesinyaa, kama mtu aliyeumwa kwa muda mrefu. Niliwaza pia kwamba kama kila kitu kipo mahali pake, basi na wao wapo. Rugo ya mfua chuma ilikuwa na moshi.

Muzehe Gaspari alitupokea kwa kumkumbatia shangazi na kumshika mikono yote miwili, kwa muda mrefu, kama kwetu. Alikuwa mwembamba, koti limemzidi, lakini sauti ni ileile ya kuamua kesi.

“Amahoro, Konsolata. Umeona? Umeona?” Alikuwa anaonyesha kwa fimbo kama mtu anayeuza ng'ombe. “Nilisema tangu siku ya kwanza, kila mtu akae alipokuwa amekaa. Siku tukirudi nyumbani, hakuna ugomvi wa mipaka. Watu wa hapa wanakuja kutazama, wanacheka, wanasema Warundi wamebeba kilima kichwani.”

“Na waliokufa?” shangazi aliuliza.

“Nao wamo. Njoo.”

Akatupeleka. Nilijua tunakokwenda kabla miguu haijafika, maana miguu yangu ilikuwa inazijua kona. Kati ya rugo yake na rugo ya chini kulikuwa na ua wa minyaa umezunguka uwanja mtupu. Umefagiliwa. Hakuna nyumba. Jiwe moja tu katikati.

“Hapa ni pa Petero,” alisema Gaspari. “Hapalimwi, hapajengwi. Tumemwekea mahali pake.”

Shangazi alipiga magoti akalia, na wanawake wakaja wakalia naye. Mimi nilikuwa natazama nyuma ya pale ambapo nyumba ingekuwa. Nilikuwa natafuta shimo. Nililiona pale, au nilidhani nimeliona, kwa sababu nilikuwa nalihitaji. Nikatulia kidogo.

Ndipo akaja Bukuru kutoka rugo ya chini.

Alikuwa amezeeka usoni, lakini mfuko ulikuwa uleule. Akachuchumaa mbele yangu, akatoa karanga moja, akaiweka kiganjani mwangu. “Goreti. Mbuzi wa kwanza huyo. Zizi lako liko wapi?” Nikaitafuna. Ilikuwa tamu. Nataka muone jinsi nilivyokuwa, mtoto anatetemeka mwili mzima kwa woga wa kilima, halafu anaitafuna karanga ya mtu yule.

Watu wazima wakakaa uani kwa Gaspari kuzungumza, na jambo lililokuwa linazungumzwa lilikuwa mimi. Shangazi alieleza hali ya kambi, bila kutazama upande wangu. Gaspari akasema kwa desturi ya Gasagara yatima ni wa jirani wa chini. Watu wakaitikia, ndiyo, ndivyo ilivyo. Bukuru akasema yeye yuko tayari, ana mahindi, mke wake hana mtoto wa kike, na mtoto atakuwa anapaona pa baba yake kila akifungua mlango.

“Umesikia?” shangazi aliniambia, na sauti yake ilikuwa imepasuka. “Utakula kila siku.”

“Wewe utalala wapi?”

“Mimi nina watoto kule.”

“Nilale nao.”

“Goreti.”

“Nitakula kidogo.”

Akageuza uso. Gaspari akapiga makofi, chungu kikaletwa. Jambo kwetu halijaisha mpaka linywewe pombe. Akaonja, akatikisa kichwa kukubali, mirija ikaingia, wa Gaspari, wa Bukuru, na shangazi naye akapewa wake, maana siku ile alikuwa upande mmoja wa mkataba. Walikunywa kimya mwanzoni, kisha maneno yakaanza kulegea, mtu akatania kwamba pombe ya Makere inalewesha miguu kabla ya kichwa, Bukuru akacheka. Kicheko kilekile. Harufu ikapanda. Jua lilikuwa bado juu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, kimo changu kimo cha chungu, na nilikuwa nalinda mrija wa Bukuru kwa macho, kama unavyolinda moto usizimike.

Akaushika, akauchomoa.

Nimekuja kujua ukubwani alichotaka kufanya. Kwetu mtu mzima akiuchomoa mrija wake, akaufuta kwa kiganja na kumpa mtoto aonje, amemfanya wake. Ni jambo zuri. Watu walikuwa wanalingoja, walikuwa wameanza kutabasamu. Alikuwa anaugeuzia upande wangu, tone likining'inia.

Mimi nilipiga yowe. “Katoa mrija! Bukuru katoa mrija! Wanakuja, Herimani na Sevelini wanakuja, kimbieni!” Nikapita katikati ya watu, nikapita katikati ya minyaa ya Gaspari, vijiti vikavunjika, utomvu ukaniingia jicho la kushoto kama moto. Nikakimbia na jicho moja mpaka nyuma ya mahali ambapo nyumba yetu ingekuwa. Hakukuwa na shimo. Walikuwa wamerudisha ua, mlango, jiwe, njia, kila mtu na mahali pake, wakasahau shimo. Nikaanza kuchimba kwa mikono. Ardhi ya kule ni nyekundu na ngumu wakati wa jua. Nilichimba huku nalia, “Mama, halipo, mama, halipo,” na kucha zikawa zinatoka damu, na nyuma yangu nilisikia miguu inakuja na nilijua ni wao.

Alikuwa shangazi. Alinishika kiunoni nikamng'ata. Akanikalia, ndivyo ilivyokuwa, akanikalia kabisa kama mtu anayekamata mbuzi, akaniosha jicho kwa mate na kanga, ananiambia, “Ihorere, mwanangu, ihorere,” nyamaza, nyamaza. Nilipoweza kupumua aliuliza polepole.

“Kwa nini umesema katoa mrija?”

Nikamwambia. Baba anacheka amefumba macho, Bukuru anasema narudi, mrija kwapani. Nilimweleza kuhusu tundu linalobaki chunguni na jinsi wanavyoingilia hapo. Nilidhani namfundisha kitu ambacho watu wazima hawakijui. Nilimwona uso unavyobadilika, nikafurahi kwamba sasa anaogopa pamoja nami.

Akaninyanyua mgongoni, mkubwa nilivyokuwa, akarudi nami kwa Gaspari. Watu walikuwa wamekaa vilevile. Bukuru alikuwa ameurudisha mrija wake chunguni. Shangazi hakukaa.

“Bukuru,” alisema. “Uliuchomoa mrija kwa Petero?”

Hakutaja siku. Hakutaja chochote kingine. Na yule mtu akajibu hapo hapo, bila hata kumeza mate:

“Ulikuwa umepasuka.”

Mtu amekunywa vyungu vingapi maishani, kwa watu wangapi? Nani anakumbuka mrija mmoja uliopasuka? Kila mtu pale alielewa. Niliona wanaelewa, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopitishiwa kikombe. Mwanamke mmoja akasema chini chini, “Yampayinka,” yaani Mungu wangu, akajifunika mdomo.

Gaspari akagonga fimbo. “Ni maneno ya mtoto.”

“Mtoto hajasema kitu hapa,” shangazi alijibu. “Amesema yeye.”

“Konsolata, mwanangu, nisikilize.” Sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ninaouchukia kuliko panga. “Tumewapanga watu hapa kwa taabu. Kila mmoja na mahali pake. Nikimtoa Bukuru, pale chini nitaweka nani? Pakibaki wazi, hii haitakuwa tena Gasagara.”

Basi. Hayo ndiyo maneno ya msuluhishi wetu. Nimewataja Herimani na Sevelini, nimemtaja Bukuru, na namtaja Gaspari pia, ingawa hakushika kitu siku ile. Alikuwa na kilima cha kuchezea, kimekamilika, na hakutaka kipungue mchinjaji.

Shangazi aliinama, mimi nikiwa mgongoni, akauchomoa mrija wake chunguni mbele ya wote. Akaukung'uta. Akaufunga kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyemwita. Tulishuka njia ya jiwe mpaka barabarani, na nilikuwa namuuliza kila hatua kama wanatufuata, naye anageuka kweli kila mara kutazama, hakunidanganya hata mara moja. Tulipopata lori alisema, “Utakula kidogo. Wote tutakula kidogo.” Na tulikula kidogo, miaka. Kuna mtoto wake mmoja, mdogo kwangu, hakukua vizuri mifupa kwa ajili ya ugali ulioingia tumboni kwangu. Hajawahi kuniambia.

Jicho la kushoto linaona ukungu mpaka leo. Tulipewa uraia, tukapata shamba Kitahana, nikaolewa, nikazaa, nikaachika, nikawa bibi. Gaspari alikufa. Herimani nasikia alifia kwao. Sevelini yu hai, anauza mabati, anaimba kwaya. Gasagara ya Makere bado ipo, minyaa sasa imepita vichwa, vijana wa pale wakialika wageni wanawatembeza rugo kwa rugo, wanawapigia ngoma, wanawaambia hivi ndivyo ilivyo kwetu. Watoto wa watu waliozaliwa Ulaya wanakuja kupiga picha. Mimi sijarudi.

Lakini msiba hauna mlango. Shangazi alipofariki, watu wa Makere walikuja kuhani na chungu chao, kama inavyotakiwa. Nilikuwa napokea mikono nikaona mzee anashushwa kwenye bajaji, anashikwa na wajukuu, na mfuko wa koti umevimba. Nilimjua kabla hajanyanyua uso.

Nilikuwa nimejiandaa maisha yangu yote kwa siku hiyo. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyasema shambani, kisimani, nikiwa napika, nimeyanoa miaka na miaka. Na mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji. Chungu kikawekwa uani kwangu, nikaonja kwanza, ili muuaji wa baba yangu aone hakina sumu. Akatumbukiza mrija wake. Akaninyooshea kiganja, ndani yake karanga moja.

“Pole, Goreti,” alisema. “Konsolata alikuwa mtu mgumu.”

Nikasema asante. Hilo ndilo neno lililotoka. Ndiyo maana nayaandika majina hapa, kwa kuwa pale uani yalinikwama.

Nilikaa nikitazama chungu. Watu walisema habari za shamba, za redio, za wale wa Nduta wanaoambiwa warudi kwao. Jua likashuka. Wageni wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, kila mtu akichomoa mrija wake, akiukung'uta, akiaga vizuri. Bukuru aliinuliwa na wajukuu. Akashika fimbo yake. Akanitazama, au alitazama tu upande niliokuwepo, macho yake yana weupe. Akaenda zake.

Mrija wake aliuacha.

Labda ni uzee, mikono imesahau. Labda wajukuu walimharakisha, bajaji ilikuwa inanguruma. Au labda amesema, kwa lugha yetu, kitu ambacho katika uwanja ule mzima ni mimi tu ningekiogopa. Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Chungu bado kiko uani, sijathubutu kukigusa, na mrija umesimama ndani yake.

Mjukuu wangu ananiuliza kwa nini nimefunga mlango mchana na kuuegemezea kinu. Namwambia kuna upepo.